Mwezi wa Kujaribu Reli

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya reli pale Timboroa, nilimpa dereva wa treni heshima, naye akaniangusha mtaroni.

Vijana wa leo hamkuijua tokeni. Ilikuwa kipande cha chuma ndani ya mfuko wa ngozi, na mfuko wenyewe umefungwa kwenye pete kubwa ya waya. Reli ilikuwa njia moja tu, kwa hiyo dereva asiye na tokeni hakuruhusiwa kuondoka stesheni, asije akakutana na mwenzake uso kwa uso. Sisi tuliinyosha pete juu kwa mkono mmoja, dereva akapitisha mkono na kuinyakua huku treni ikitembea. Lakini mimi nililelewa kwamba mtu mzima hapewi kitu kwa mkono mmoja. Niliishika kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa. Dereva alipoinyakua, sikuwahi kuiachilia.

Stesheni masta, Mhindi mwembamba aliyevaa makoti mawili kwa ile baridi, alikuja kuniinua.

"Wewe iko adabu mingi sana," alisema. "Hiyo peleka kwa mama mkwe. Hapa nyosha mkono!"

Nilicheka naye, lakini moyoni niliumia. Kwa miaka saba nilikuwa mtu wa plau kwenye shamba la Kaburu mmoja nje ya Eldoret, na maksai kumi na sita walinitii kwa sauti tu. Nilikuwa na nyumba, kishamba cha mahindi, na ruhusa ya kulisha ng'ombe wangu watano. Reli iliponiita kwa sababu nilijua kusoma kidogo, Kaburu aliniambia, "Wewe jaribu mwezi moja. Kama nakaa huko, mama na ng'ombe yote natoka hapa." Na Timboroa mtumishi wa reli hakuwa na malisho.

Mwezi ulipokwisha nilirudi Eldoret nikiwa nimekata shauri kuiacha reli. Kaburu alikuwa mkali, lakini zimwi likujualo halikuli likakwisha. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia mke wangu, Rael. Nilipofika, zizi lilikuwa tupu.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Ndugu yangu alikuja jana akawachukua. Atatuwekea kwake Kapsabet," alisema Rael, akiendelea kufunga sufuria kwa shuka. "Hata blanketi nimefunga. Treni ni saa ngapi, Baba Kiptoo?"

Wale ng'ombe walikuwa wangu kwa jina tu; aliyewakama kila alfajiri na kuwapa majina ni yeye. Nilibeba sufuria.

Kutoka Timboroa nilihamishiwa Ainabkoi, halafu Turbo, na nilistaafu nikiwa mkubwa wa zamu. Watoto wetu walisoma. Vijana wanaopata kazi mbali huja kuniuliza niliwezaje kuamua, na kwa miaka mingi nimewajibu kama mtu aliyeamua. Nampenda Rael kwa kuninyamazia mbele yao.

Juzi tukinywa chai nilimuuliza, mara ya kwanza, kama alilala siku ile ng'ombe walipoondoka.

"Sikulala, mzee," alisema. "Niliogopa utarudi kabla hawajafika mbali."