Lori lilinivunja nyonga, ukweni wakasema nimenaswa na tego

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenipata mwenyewe na kovu ninalo, asiyeamini asome tu.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Shule niliiacha mapema, nikachoma mkaa, nikavua, mwisho nikawa mbeba chumvi Gongoni.

Huko lori likarudi nyuma, likanibana ukutani. Nyonga ikavunjika. Nikawekewa mpira wa mkojo, nikalala wiki kadhaa.

Mpira ulipotolewa, mkojo ukawa unapita nyuma. Mbele unatoka upepo.

Zahanati hawakuniuliza habari ya lori. "Kisonono hicho. Mlete na mwenzako." Sindano. Nikarudi, sindano nyingine.

Mke wangu Kadzo alisikia neno hilo tu, kisonono. Kwao wakamalizia: tego. Kwa wasiolijua, ni uganga ambao mume humtegea mkewe, mwanamume mwingine akimgusa aharibikiwe.

Tukaitwa ukweni mimi na Kadzo, baba mkwe akaniketisha. "Mwanangu, mtaje mwenye mke. Tego hufunguliwa na aliyelitega."

"Baba, nilibanwa na lori."

"Lori huvunja mfupa. Halipotezi njia ya mkojo."

Shemeji akadakia, "Kwani hilo lori lilikuwa na mume?"

Wakacheka. Kadzo hakucheka. Alibaki kwao.

Niliumia kuliko siku ya lori, wakuu.

Mwishowe nikampata daktari mpasuaji aliyeuliza kilichonipata. Picha ikaonyesha tundu kati ya njia ya mkojo na ya haja kubwa. Fistula. Nami nilidhani ni ya akina mama waliozaa kwa shida. Nilimhoji mpaka akachoka.

Kwanza walinitolea utumbo tumboni, choo kikawa kinaingia kwenye mfuko ili huko chini kupumzike. Miezi baadaye wakatenganisha zile njia, wakaziba tundu pande zote mbili, wakavuta msuli wa paja wakauweka katikati kama kiambaza. Nilipopona, utumbo ukarudishwa ndani.

Sasa nakojoa mbele. Kadzo akarudi.

Baba mkwe akaja kunijulia hali, akanishika mkono kwa furaha. "Afadhali ulikwenda kumwomba mwenye mke msamaha kimyakimya."

Nikamfunulia kovu la tumbo.

Akalitazama. "Waganga wa siku hizi nao wanapasua."

Jana Kadzo ananipakulia chakula, akasema polepole, "Mimi nimeshasamehe. Nitajie jina tu."

Kwa hiyo, mkuu, ukiumia nyonga na mkojo ukapotea njia, usikubali sindano ya kisonono kabla hujachunguzwa. Na ukiingia kwa daktari, ingia na mkeo, asikie kwa masikio yake.

Mwenye jibu la kumpa Kadzo aniandikie hapa chini. Mimi yangu yameisha.