Sauti Iliyopotelea Kwenye Boksi la Besi

Habari ya kifo chake ilinikuta sokoni Homa Bay, nikibishana na mama mmoja aliyekuwa akiniapia kwamba omena zake, wale dagaa wa ziwani, zimetoka kisiwa cha Remba asubuhi hiyo hiyo, ilhali pua yangu ilikuwa ikiniambia mengine. Simu ikalia. Rafiki yangu wa Suna, pale pale Migori mjini, mtu ambaye kwa kawaida hukusalimu mpaka akaulizia na ng'ombe wako, safari hii hakusalimia. Alisema, "Yule mama wa diski ametuacha. Wanamzika leo leo, baada ya alasiri." Hamu ya ubishi ikaniisha. Sisi watu wa huku tumezoea kumlaza marehemu mochari wiki nzima na zaidi, tukichanga na kupanga nani atahutubia na maturubai yatatoka wapi. Dini yake haina nafasi ya hayo. Nilikimbilia gari la Migori nikiwa na viatu vya sokoni, na bado nilipofika kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Nje ya lango la nyumba yake niliikuta kwaya nzima kutoka Ndhiwa, imevaa kanzu zake za zambarau, imesimama haijui iingie au irudi. Walikuja kuimba. Hakuna aliyewaambia kwamba kule hakuimbwi.

Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba siandiki tanzia ovyo. Wakubwa wakifa, magazeti yana kurasa za kutosha za kuwasifu bila mimi. Lakini huyu nitamwandikia, na ikiwa mhariri ataona tanzia ni ndefu, basi apunguze matangazo. Alikuja Migori akiwa bibi harusi kutoka Pwani, mumewe akiuza redio karibu na msikiti. Mumewe alipofariki, mji mzima ulingoja afunge virago arudi kwao. Hakwenda popote. Aliendelea kuvaa buibui lake, akaendelea kunicheka Kiswahili changu mbele ya wateja, na akaingia katika kazi ambayo mpaka leo sijamwona mwingine akiifanya upande huu wa ziwa.

Niieleze kazi yenyewe, maana si wengi wanaoijua. Kuna mitambo ya muziki yenye spika sita. Mbili zinakaa mbele yako, kushoto na kulia, na katikati yake inakaa ya tatu, ambayo ndiyo hasa humtoa mwimbaji. Mbili zinakaa nyuma ya kichwa chako, zikitoa makofi, mwangwi na vibwagizo. Ya sita ni lile boksi kubwa la besi, sabufa, linalowekwa sakafuni na kuguna tu. Maneno haliwezi kuyatamka. Diski iliyotengenezewa mtambo wa namna hiyo hubeba sauti sita mbalimbali, kila moja na spika yake. Sasa anayeitengeneza akipitiwa kidogo tu, gitaa la kushoto linahamia kulia, na wapiga makofi wanakaa mbele huku mwimbaji amesukumwa nyuma. Diski za namna hiyo ndizo zilizokuwa zikiletwa dukani kwake, kutoka makanisani, hotelini, na kwenye vile vibanda vya visiwani ambako wavuvi huenda kutazama video. Alizifungua kwenye kompyuta, akasikiliza kila sauti peke yake, akaijua imetoka wapi, akairudisha, kisha akachoma diski nyingine.

Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wenye haraka. Kabla hajaigusa diski ya mtu, aliweka kwanza ya kwake, aliyoirekodi kwa sauti yake mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda katikati ya chumba, akafumba macho, na sauti yake ikaanza kuzunguka: "Hapa ni mbele, mkono wa kushoto. Hapa ni mbele, mkono wa kulia. Hapa ni katikati." Na nyuma vivyo hivyo. Ilipofika zamu ya sabufa, kulisikika mguno tu, naye alicheka kila mara, kana kwamba hajawahi kuusikia. Hata kama amefanya hivyo asubuhi, akija mteja mchana alirudia. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajisumbua. Aliniambia panya huwa hawaombi ruhusa kuvuta waya, na kwamba hawezi kuitia dosari diski ya mtu kabla hajaangalia ya kwake.

Msimdhanie alikuwa mtakatifu. Mdomo alikuwa nao, tena wa kuchoma. Kuna bwana mmoja mwenye hoteli hapa Homa Bay aliyemletea diski akilalamika kwamba nyimbo zake zimekatwa: wateja wake wanamsikia mwimbaji vizuri, lakini makofi na vigelegele hakuna. Mama yule aliijaribu akaikuta nzima. Akaijaribu tena. Mwishowe akafunga duka, akapanda gari akaja mwenyewe kuona. Kumbe yule bwana alikuwa amezing'oa spika mbili za nyuma akazitundika nje ya mlango ili zivute wapita njia. Kwa hiyo ndani watu walikula wakisikiliza wimbo usio na makofi, na nje barabara nzima ilisikiliza makofi yasiyo na wimbo. Watu walikuwa wakiingia kuuliza harusi ni ya nani. Wakishaingia, wanaagiza chai. Mama yule alimpa maneno yake, mpaka wapishi wakatoka jikoni kusikiliza, kisha akamwambia azirudishe ndani. Yule bwana alifikiri kidogo, akatazama meza zake zilivyojaa, akasema hapana, aache hivyo hivyo. Ziko nje mpaka leo, na nikipita pale namkumbuka.

Kisa cha pili hakichekeshi, na ndicho kilichoileta kwaya ile langoni kwake. Walikuwa wamerekodi nyimbo zao katika studio moja ndogo, wakataka diski ya spika sita kwa sababu kanisa lao lilikuwa limepewa mtambo mpya. Mwimbaji wao mkuu alikuwa mama mwenye sauti ambayo watu walitoka Rongo kuja kuisikia. Wiki chache baada ya kurekodi alipasuliwa shingo kuondolewa uvimbe. Uvimbe ukatoka, na sauti ikaenda nao. Alibaki na mnong'ono. Madaktari walimwambia ashukuru yu hai, naye alishukuru, lakini kila jioni alikuwa akiuliza diski itatoka lini. Ilipotoka, wakakusanyika kanisani, ikawekwa, na ikasikika kwaya, kinanda na ngoma. Yeye hakuwepo. Kila mahali palipokuwa pa kuimba yeye, kilikuja kimya chenye mtetemo wa viti.

Yawa, maneno yaliyofuata! Wengine walisema ametolewa makusudi na fulani aliyeitamani nafasi yake. Fulani naye akasema haji tena mazoezini. Walikimbilia studio, wakakuta kompyuta iliungua umeme uliporudi kwa nguvu, na hakuna kilichobaki isipokuwa diski zenyewe. Mwanamke yule hakumshutumu mtu. Aliacha tu kwenda kanisani. Mumewe ndiye aliyesikia habari za fundi wa Suna, akamleta mkewe dukani, nusura kwa nguvu. Siku hiyo mimi nilikuwepo, nimepeleka diski zangu za muziki wa benga.

Bi yule alianza na diski yake, kama kawaida. Kisha akaiweka ya kwaya, akasikiliza, akakunja uso. Akatuambia anadhani anajua iliko sauti: imeandikwa kwenye njia ya sabufa, na besi imepewa njia ya katikati. Lakini akaongeza, bila kumficha mgonjwa, kwamba kuna diski ambazo wakati wa kuchomwa njia ya sabufa hunyolewa sauti zote za juu, ikaachwa besi tupu. Ikiwa hii ni ya aina hiyo, sauti imekwisha na hakuna fundi duniani atakayeirudisha. Alikuwa bado anaeleza adhana ilipoanza msikitini. Akazima mtambo, akaenda kuswali. Sikumbuki kungoja kulikonichosha kama kule. Mume alikuwa akikunja na kukunjua kofia yake, na mkewe ameliangalia lile boksi la sakafuni bila kupepesa.

Aliporudi aliifungua ile sauti kwenye kompyuta, akaituma katikati. Ikatoka. Ilitoka nzima, pana, haina hata mkwaruzo, ikaanza ubeti wa kwanza kana kwamba ilikuwa imekaa mlangoni ikingoja kufunguliwa. Mimi nililia, na sina haja ya kuficha. Mwimbaji alisimama akaikaribia spika, akaiwekea kiganja.

"Ni mimi huyo," alinong'ona. "Si walinitoa?"

"Hukutolewa, mwanangu," akajibiwa. "Ulikuwemo siku zote. Umewekwa pasipo pako, kwenye boksi lisilojua kusema."

Fundi wa studio alipopigiwa simu alikuja mbio na pikipiki, akaona alikopitiwa, wakakaa wote wawili wakachoma diski za kwaya nzima. Yule fulani aliyeshukiwa alirudi mazoezini. Na kuhusu mwimbaji mwenyewe, Bi yule alimwambia jambo ambalo sidhani mtu mwingine angethubutu kumwambia: kwamba daktari hakumgusa masikio, na mtu aliyeongoza sauti za kwaya miaka yote ile anajua kusikiliza kuliko mafundi wengi, kwa hiyo aache kukaa nyumbani akijihurumia. Kuanzia hapo, kila siku ya soko, mwanamke wa Ndhiwa alionekana ndani ya duka la Suna, amekaa kwenye kigoda, amefumba macho. Wakati mwingine wawili hao waligombana kama ndugu, mmoja akifoka na mwingine akinong'ona, na mara nyingi aliyenong'ona ndiye aliyeshinda.

Najua mtaniambia diski zimepitwa na wakati. Vijana wanasikiliza muziki kwenye simu, tena kwa sikio moja, la pili wameliachia boda boda zisije zikawagonga. Sina ugomvi nao. Linalonisumbua ni wepesi wetu wa kuamua kwamba mtu hayupo kwa sababu hatumsikii. Nimekaa katika mikutano mingi ya kaunti hizi mbili, na mara ngapi nimesikia ikisemwa kwamba kina mama hawana maoni, kwamba watu wa visiwani hawajali, kwamba watu wa mpakani wamenyamaza. Labda wanasema tangu zamani, ila tumewapa njia isiyoweza kutamka neno, na sisi tunasikia mtetemo wa viti tunauita kimya. Bi yule hakuwahi kutoa hotuba juu ya mambo haya. Angesikia naitoa mimi angenitania mpaka ninyamaze.

Nirudi kwenye siku ya maziko. Dada wa marehemu, aliyekuwa amekuja kumuuguza, alitoka langoni akawakaribisha wenye kanzu za zambarau ndani, akawaambia kwao hawaimbi katika siku kama hiyo, lakini chai ipo na dua ni ya wote. Waliingia, wakavua viatu, wakakaa kimya kwenye mikeka. Baadaye dada akamwita yule mwimbaji, akampa ufunguo. Alisema marehemu ndiye aliyeagiza. Tukaingia watu wachache dukani, chumba cha mbele cha nyumba ile ile. Kila kitu kilikuwa kimesukumwa ukutani ili wafiwa wapate pa kukaa. Mwimbaji alipanga spika, akakaa kwenye kigoda, akaiweka ile diski ya marehemu mwenyewe, ya kujaribia.

"Hapa ni mbele, mkono wa kushoto," alisema marehemu. "Hapa ni mbele, mkono wa kulia." Halafu, "Hapa ni katikati," na sauti ikatutokea nyuma, karibu na mlango.

Dada mtu akaangua kilio. Waliohamisha vitu walikuwa wamechomoa waya na kuzichomeka watakavyo. Mwimbaji alisimamisha mtambo. Akapiga magoti, akaufuata waya kwa vidole mpaka ukutani, akabadilisha. Kisha akarudi kigodani, akaanza upya, tukangoja wote. Kushoto. Kulia. "Hapa ni katikati," na safari hii ilitoka katikati, wazi, yenye ile lafudhi ya Pwani ambayo miaka yote hiyo kwetu haikuweza kuifuta.

"Sasa uko mahali pako," yule mwanamke alinong'ona.

Tangu siku ile, nikimkosa mtu pale nilipozoea kumsikia, naanza kwa kuangalia waya zangu. Duka limefunguliwa tena. Ukiwa na diski inayokutatiza, ipeleke Suna, karibu na msikiti. Lakini anayekaa kwenye kigoda siku hizi huongea kwa mnong'ono, kwa hiyo ukiingia pale, nyamaza kwanza.