Fomu Yangu ya Kozi Niliikuta Chini ya Brashi za Viatu

Admin, nifichie jina na kikosi pia, maana hapa kambini kila mwenye simu anasoma ukurasa wako. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, Msukuma, koplo jeshini huku Mwanza, mama wa mapacha. Ni muuguzi kwenye kituo cha afya cha kambi. Mume wangu ni sajenti, karani wa ofisi ya kikosi. Kila karatasi inayokwenda kwa mkuu wa kikosi inapita kwanza mezani kwake. Hilo likumbukeni.

Diploma yangu ya uuguzi nilijisomesha mwenyewe, natoka zamu naingia darasani na kombati. Sasa jeshini kuna mpango: askari wa cheo cha chini mwenye diploma, akipitishwa na mkuu wake, anapelekwa kusoma shahada ya uuguzi, kisha kozi ya uafisa, anarudi akiwa luteni usu, afisa muuguzi. Ila kuna ukomo wa umri, na kwangu mwaka huu ndio wa mwisho. Msidhani nataka nyota za kupendezesha mabega. Mwaka jana mke wa askari mwenzetu aliletwa anavuja damu baada ya kujifungua. Nilijua anatakiwa hospitali kubwa saa ile ile, lakini koplo haagizi gari, nikabaki nasubiri afisa apatikane. Yule mama alipona kwa neema ya Mungu tu. Siku ile niliapa sitazeeka nikisubiri ruhusa.

Nilipojaza fomu, mume wangu aliisoma mstari kwa mstari, hata tarehe niliyokosea akanirekebishia. Akaniambia, "Mama Kulwa, nipe, nitaifikisha." Jioni akaja na sato mkubwa kutoka Kirumba, akamkaanga mwenyewe, akawaambia watoto mama yenu anaenda kuwa bosi. Nilimla yule samaki huku nacheka.

Majina ya usaili yalipotoka, la mwenzangu wa kituoni lilikuwepo, langu halipo. Mume wangu akanikumbatia, akasema jeshini kuna fitina, nimwachie Mungu. Nikaamini, tena nikamshukuru kwa kunibembeleza.

Kwetu Jumapili ni yeye anayeng'arisha buti, zake na zangu, tangu tuoane. Nilikuwa natamba nalo hilo mbele ya wanawake wenzangu wa kota. Jumapili moja akaitwa ofisini ghafla, nikasema leo ngoja nimpumzishe mume wangu. Nikafungua sanduku lake la brashi. Chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki, nikakuta fomu yangu. Ina saini yangu, haina muhuri hata mmoja.

Moyo ulinipasuka paa! Aliporudi alikuta nimeiweka mezani juu ya kitambaa cha kulia chakula. Hakukana. Alivua kofia, akakaa, akasema, "Asubuhi nikupigie saluti getini, jioni uniwekee ugali? Masajenti wenzangu wote mesini wananicheka, na wewe hata hujaondoka." Nikamuuliza kwa nini asiniambie tu nisijaze. Akasema angeniambia ningejaza vilevile. Hapo hakudanganya.

Nikaenda Kisesa kwa mama yangu mzazi. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote nikilia, na mimi si mtu wa kulia hovyo. Mama alikuwa anachambua mchicha, hanitazami. Nilipomaliza akasema taratibu, "Mumeo alikuja kuniuliza. Mimi ndiye niliyemwambia asiipeleke. Niliona utapoteza nyumba." Jamani, huyu ndiye aliyenibebea begi kichwani siku naenda depo kwa mafunzo ya jeshi, akiwaringia majirani kwamba binti yake ni mwanajeshi! Kumbe siku nakula sato wenzangu walishanimaliza, bwege nilikuwa mimi. Niliondoka bila kuaga.

Wiki hii mkuu wa kikosi alikuja kituoni kupima presha. Nikamfunga kitambaa cha kipimo mkononi, nikajikaza, nikamwambia fomu yangu haikumfikia. Alishangaa. Akasema makao makuu watawapokea waliochelewa kwa sababu ya msingi, mwisho Ijumaa. Niandike barua nieleze fomu ilikwama wapi, niipeleke kwa utaratibu.

Nikiandika ukweli, karani aliyeficha karatasi ya mkuu anashtakiwa. Atavuliwa cheo, pengine atafukuzwa kabisa, na ni baba wa watoto wangu. Amenipigia magoti niandike kwamba niliipoteza mwenyewe. Lakini nani atampa uafisa mtu aliyepoteza fomu yake? Na mama anapiga simu kila siku, sipokei.

Barua nimeiandika, ya ukweli mtupu, nimeifunga kwenye bahasha. Shida ni kwamba kwa utaratibu wa jeshi, koplo haendi kumkabidhi mkuu barua mkononi. Lazima ipitie kwa karani. Nikimruka karani, mimi ndiye nitakayeshtakiwa kwa utovu wa nidhamu, na hapo kozi nayo kwaheri.

Leo asubuhi nilipoamka nilikuta buti zangu mlangoni zinang'aa, na leo si Jumapili. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni amevaa tayari. Aliiona bahasha mkononi mwangu, na najua alijua kilichomo. Akanyoosha mkono, akasema, "Mama Kulwa, nipe, nitaifikisha."

Sikumpa. Nimeificha ndani ya kombati mpaka sasa ninapoandika haya, imeshalowa jasho. Ijumaa ni keshokutwa. Ndugu zangu, hasa nyie wanajeshi mliomo humu, nimpe au nimruke? Nishaurini, maana niliozoea kuwauliza ndio hao walionifanyia haya.