Nilimwanika Mkwe Wangu Kwenye Projekta

Kosa ni langu peke yangu, na msinitafutie wa kunisaidia kulibeba. Hamu ya kuchekesha watu imenikosesha mke.

Kazi yangu ni kuratibu utafiti wa hifadhi za ukanda wetu wa pwani. Jina kubwa, lakini kazi yenyewe ni ushenga tu. Wakuu wa hifadhi wananipa maswali yao, nawatafutia watafiti, na majibu yakipatikana nawaita wote Tanga mjini niwaeleze. Swali lililowaumiza vichwa ni njia wanayopita tembo wakitoka hifadhi moja kwenda nyingine na kumaliza mihogo ya watu.

Njia hiyo ilikatiza msitu wa kijiji kimoja upande wa Mkwaja. Mwenyekiti wa kamati ya msitu, mzee mmoja mcheshi, alitukubalia tufunge kamera kwenye miti, zile zinazopiga picha zenyewe kikipita chochote. Katika kwenda na kurudi kwangu nyumbani kwake nikamwona binti yake. Nikapeleka posa, ikapokelewa.

Tulipokusanya picha, katikati ya tembo na nguruwe kukawa na mtu. Ni alfajiri, picha haina rangi, uso hauonekani. Kachuchumaa kwa shida, mguu wa kulia kaunyoosha mbele, kanzu i kiunoni, anajisaidia kwa raha zake mbele ya kamera ya wafadhili. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Mkutano ukafanyika Chumbageni, palepale Tanga mjini. Baada ya pilau waheshimiwa wakaanza kusinzia, mmoja akikoroma kabisa. Nikaona niwaamshe. Nikaitupa ile picha ukutani, makalio makubwa kuliko tembo wote tuliokwisha kuwaona, nikasema, "Na huyu bado hatujamtambua. Watafiti wanaendelea."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Askari mmoja wa wanyamapori, aliyekuja na mkuu wake, hakucheka. Alikuwa shemeji yangu mtarajiwa, kaka wa yule binti, na mimi sikuwa nimemwona kule nyuma. Alisimama taratibu, akasema, "Huyo ni baba," akatoka.

Kesho yake nikaenda kwa mzee. Alinikaribisha barazani, akataka nile kwanza. Nilipomaliza kunawa akauliza, "Mwanangu, ulinijua au hukunijua?"

"Sikukujua, baba. Wallahi, uso haukuonekana."

Akaupapasa mguu wake wa kulia. "Kila ukija hapa, shikamoo yako naisikia toka barabarani, nami nimekupa mgongo. Wanijua kwa mguu huu usiokunjika. Pichani ndo ukakupotea?"



"Kucheka ningekusamehe," mzee akaendelea. "Hata mie, ningeyapata matako ya bosi wako ningecheka. Na alfajiri ile nilikwenda kutazama kamera zako, tembo wasije wakaziangusha. Tumbo likanishika njiani. Lakini umekula wali wangu kisha ukaniapia uongo. Binti sikupi."

Posa ikarudishwa wiki ileile. Kamera akaziacha, alisema tembo hawana kosa.

Kwa hiyo bado napokea picha. Kila zikija namwona humo, anapita na mguu wake, anaikaza kamba ya kamera, anaondoka bila kutazama kioo chake. Utafiti wangu unakwenda vizuri sana, wakuu wa hifadhi wananisifu, nami narudi chumbani kujipikia ugali wa mtu mmoja. Naumia, jamani.

Nilimjua. Nilimjua kabla sijaanza kucheka, nikasema nani mwingine atamjua. Wewe unayekaa na picha za watu kwenye simu yako, ya aibu ifute. Na kama umeshaionyesha, mwenyewe akakukalisha na kukuuliza kama ulimjua, sema ndiyo. Utatukanwa, lakini huenda ukaoa.