Simu ya Kompyuta Ilikatika Kwenye Jina

Jamani, nimechoka mpaka kucha, lakini hili la leo siwezi kulala nalo.

Kutwa nzima nimetambaa chini ya meza nikivuta nyaya ofisini kwa Mzee Luvai, hapa Kakamega mjini. Anataka kupiga simu kwa kompyuta, kupitia intaneti.

Jioni tukajaribu kumpigia binti yake aliye Kanada.

Akapatikana. Sauti ilikuwa inakwama kwama.

"Baba, nimejifungua msichana. Tumemwita Kha..."

Ikakatika.

Rose, karani wa mapokezi, alikuwa ameinua simu ya mezani. Na intaneti yetu inapitanga laini hiyo hiyo.

Nilikuwa nimewaonya wote wasiiguse, lakini wapi.

Tukajaribu tena na tena, ikakataa. Rose akasimama mlangoni, machozi yanamlengalenga.

Mzee akanigeukia mimi niliyekuwa karibu na spika.

"Umesikia jina?"

"Nadhani amesema Khasandi, Mzee."

Akainama. Hilo ni jina la marehemu mkewe.

Kisha akamwambia Rose polepole, "Piga simu dukani kule kijijini Malinya. Wamwambie dada yangu kwamba Khasandi amerudi."

Mimi nikabaki sakafuni na nyaya zangu, na nilichosikia hasa ni "Kha" tu. Nyinyi mngesema nini?