Kandambili nilizozitupa chini ya ukumbi wa theluji, Kolwezi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Asiyeamini apite uzi mwingine kwa amani. Haya nimeyabeba mwaka mzima na nimechoka kuyabeba peke yangu.

Mimi ni fundi wa majokofu, mtu wa Mbeya. Nilipata kazi Kolwezi, Kongo, mji wa shaba na kobalti. Tajiri mmoja wa madini alitaka ukumbi wa theluji ya kutengeneza, watu wavae mbao miguuni wateleze.

Ndiyo, theluji, kwenye lile vumbi jekundu. Nilicheka, lakini kazi ni kazi.

Nje jasho, ndani makoti na makamasi. Wiki moja kabla ya ufunguzi kila kitu kilikuwa fresh, isipokuwa sehemu moja chini ya mteremko, ukubwa wa beseni. Theluji ya hapo ilikuwa inazama. Tunajaza, asubuhi imezama tena.

Nikakagua mabomba, mazima yote. Nikaweka kiganja: vuguvugu, kama pumzi ya mtu.

Tulikuwa na Tata Kabwe, mzee aliyechimba madini kwa mikono kabla ya kuja kusukuma theluji nasi. Aliitazama sehemu ile muda mrefu, kisha akavua buti, akasimama na soksi.

"Fundi, mbele ya kumwanga beton, hapa mulikuta shimo?"

Tulikuta, kabla ya kumwaga zege. Mashimo ya wachimbaji yamejaa mji ule, mengine yako ndani ya vyumba vya watu.

"Na biatu?"

Wakuu, viatu vilikuwepo. Kwenye mdomo wa shimo palikuwa na kandambili za bluu, zimepangwa vizuri. Mimi ndiye niliyezitupa, maana sipendi uchafu saiti. Kisha nikaita gari la kifusi.

"Mutu akishuka, anaacha biatu ku mulango," akasema taratibu. "Biatu bikiwa pale, shimo habafungake. Kila mutu wa hapa anajua."

Yaani halizibwi. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza.

Akachukua kipande cha bomba, akagonga sakafu mara tatu. Ndivyo wachimbaji wanavyoulizana kama chini kuna mtu. Tukasubiri.

Zikarudi tatu. Polepole, kutoka chini.

Tajiri alisema ni mabomba tu, tuongeze theluji tufungue. Nikazima mashine zote. Kibarua kikaota nyasi hapo hapo, lakini wachimbaji wa mtaani walishasikia, wakaingia na sululu, wakapasua sakafu.

Chini palikuwa na kifusi changu, na pembeni njia nyembamba inayotoa joto. Tukaifuata kwa kutambaa, ikatutoa chumbani kwa mama mmoja nyuma ya ukuta wetu, Mama Ngoy. Alikuwa anachambua sombe, kisamvu chao.

"Bwana yangu alitokea hapa," akasema. "Alichimba siku mbili. Sasa iko Mutshatsha, anachoma makala. Shimo hataki tena."

Yuko hai, anachoma mkaa! Nililia kwa furaha. Nikapiga magoti kumwomba radhi kwa zile kandambili.

Yeye hakufurahi.

"Balikuwa babili, fundi. Tulikuja kusema kwenu, balinzi balitufukuza. Ule mwenzake hakukuwa na biatu."

Tulimpata upande wa pili wa kifusi, ameegemea ukuta, patasi mkononi. Alikuwa maiti ya siku nyingi. Miguu mitupu.

Nikamuuliza Tata Kabwe, sasa nani alitujibu?

"Ni yeye. Alikuwa anangoya mutu agonge kwanza."

Nilinunua kandambili mpya, akazikwa nazo.

Siku hizi, kabla ya kumwaga zege popote, nagonga mara tatu na kusubiri. Mafundi wenzangu wananiita chizi, na sioni aibu. Ugenini kitu kilichopangwa usikiguse kabla hujauliza. Na usitegemee alama peke yake, kuna mtu hana hata kandambili ya kuacha mlangoni.

Mafundi na wachimbaji mliomo humu, kuna aliyewahi kugonga akajibiwa? Mwageni ya kwenu, hata ya kunicheka nitasoma.