Aliyebaki na Mama Siku za Msaragambo

Mdogo wangu tumemzika mwaka huu, wakati wa kipupwe, ukungu wa Shume unapokaa mpaka mchana. Mchungaji alisoma wasifu wake: alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaenda jeshini kwa mujibu wa sheria, akaajiriwa kwenye bustani ya miche ya miti, akaoa, akastaafu. Yote yalikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu. Mchungaji alipomaliza habari za jeshi alivuta pumzi, kisha akaingia kwenye habari za miche. Kati ya mambo hayo mawili palikuwa mahali pa habari ya Ulaya, na hakuna aliyeijua isipokuwa sisi wazee wachache.

Watu wanaokuja kunipa pole wanasema nilikuwa dada mwema. Mimi ni mtu wa darasa la nne, sina ufundi wa kuandika, lakini pole hizo zinanikaa vibaya. Nitaeleza kwa nini.

Baba yetu alifariki tukiwa wadogo. Tulibaki watatu, Mama, mimi na mdogo wangu. Alikuwa na kichwa cha shule, akafika kidato cha sita, akaenda jeshini, akarudi nyumbani kungoja. Ilikuwa miaka ile ya vijiji. Serikali ilikuwa inatoa nafasi za kusoma ng'ambo, na nchi moja rafiki ya huko Ulaya ilitaka vijana wa kusomea misitu. Yeye alipenda miti tangu utoto. Alishuka Lushoto kwa miguu kuchukua fomu bomani, mvua ikamkuta njiani, akaificha fomu kifuani chini ya shati, akafika nyumbani yeye ameloa chapachapa na fomu kavu.

Mama alimtazama akasema, "Karatasi umeifunika, kifua chako nani atakifunika?"

Vipimo vya hospitali alifaulu. Alama zake zilikuwa nzuri. Kilichobaki ni kijiji. Siku zile kijana hakwenda chuoni kwa alama peke yake. Ilitakiwa watu wanaoishi naye waseme kama anafanya kazi pamoja na wenzake au anawakalia tu. Kwa hiyo Mwenyekiti wa kijiji hakuweza kugonga muhuri mpaka jina lipitishwe mkutanoni.

Na kijiji kilimjua mtu kwa msaragambo. Hiyo ni kazi ya wote, na kwetu ilikuwa siku ya Alhamisi. Pembe inalia asubuhi huko juu mlimani, na kila nyumba inatoa jembe moja. Ndivyo tulivyoikuta desturi. Haikuulizwa nani amelishika jembe, iliulizwa kama nyumba fulani imetoka. Mwaka ule tulikuwa tunachimba barabara ya kwenda shuleni, kwenye mteremko mkali, udongo mwekundu unaonata miguuni.

Mama alikuwa ameanguka na mzigo wa majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba, na tangu siku ile hakusimama tena. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha, kufua nguo zake, kazi hiyo ilikuwa yangu kwa kuwa mimi ndiye binti. Sikuwa mzee wakati ule. Nilichoka. Sisemi mikono tu. Nilichoka na chumba kile, na moshi, na harufu ya blanketi. Jumatano moja jioni, kesho yake barabara ndiyo inaanza kuchimbwa, nilimwambia mdogo wangu:

"Kesho jembe nakwenda nalo mimi."

"Wewe? Na Mama?"

"Utakaa naye wewe."

Alicheka, akidhani ni utani. "Kukaa naye sawa. Akijichafua je?"

"Maji yapo jikoni."

Akaacha kucheka. Kwetu mwanamume hamwoshi mama yake. Mtoto wa kiume akishakua, hata kitanda cha mama yake hakikalii. Nilijua hivyo nilipolitamka neno lile, na yeye alijua kwamba najua. Akaniuliza, "Umechoka, Dada?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nenda."

Niliporudi siku ile nilimkuta Mama amegeukia ukutani, na yeye yuko nje anapasua kuni kwa nguvu kama aliyetukanwa. Nilidhani hatanisemesha. Baadaye aliingia jikoni akasema, "Mama alifumba macho. Mimi nami nikafumba yangu. Maji yote tumemwaga chini." Nikaanza kucheka, naye akacheka, mpaka Mama kule chumbani akasema, "Mnamcheka nani, nyie?" naye akacheka. Kisha akatuita wote wawili. "Msimwambie mtu," alisema. "Hata mjomba wenu. Watamwita mwanamke mpaka atakufa."

Tukamwahidi.

Kuanzia hapo Alhamisi zikawa zangu. Barabarani kulikuwa na nyimbo, na mahindi ya kuchoma, na wasichana wenzangu. Kulikuwa pia na dada wa mtu mmoja wa Mgwashi, aliyeolewa kijijini kwetu, ambaye kila Alhamisi aliniletea salamu. Huyo mtu wa Mgwashi alikuwa ameshatuma wazee wake kwa mjomba kuniposa. Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyesimama mahali pa baba yetu. Aliwajibu wageni kwa adabu, lakini mimi aliniambia waziwazi: "Mdogo wako akipata Ulaya ni miaka mitano. Huyu dada yangu ataachwa na nani? Wewe hutoki nyumba hii mpaka kijana arudi."

Nikasema, "Ndiyo, Mjomba." Nilikuwa nampenda yule mtu.

Asubuhi moja pembe ilipolia, nilimkuta mdogo wangu ameshalishika jembe mlangoni. "Leo niache niende mimi," alisema. "Watu wameanza kuuliza."

"Waulize. Jembe la nyumba si linatoka?"

"Linatoka. Lakini mimi sionekani."

Nililichukua mikononi mwake. Hakulivuta. Nilikuwa dada mkubwa, na alikuwa na heshima.

Siku ya mkutano tulikusanyika uwanja wa mpira wa shule. Kulikuwa na baridi, wazee wamejifunika makoti, wanawake tumekaa kwenye nyasi upande mmoja. Mdogo wangu alisimama karibu na goli pamoja na vijana, amevaa shati jeupe. Mwenyekiti alisoma jina lake na habari ya masomo yenyewe. Watu wakapiga makofi. Nilidhani imekwisha.

"Kuna mwenye neno?" Mwenyekiti akauliza.

Akainuka mzee mmoja jirani yetu, mtu wa maneno, ambaye hakuwa na ubaya na sisi. "Ndugu Mwenyekiti, mimi nauliza tu. Barabara tumeanza kuichimba tangu vuli. Mgongo wangu huu shahidi. Huyu kijana nimemwona lini?"

"Jembe la kwao limekuja," sauti moja ikamjibu.

"Jembe limekuja, sawa. Kwani jembe ndilo linalokwenda Ulaya?"

Uwanja mzima ukacheka. Hata vijana pale golini walicheka, na mmoja akamshika mdogo wangu mkono akaugeuza kiganja juu, akapaza sauti, "Laini hii! Kama ya karani!" Vikazidi vicheko.

Mwenyekiti akatuliza watu. Nilimwona Mjomba anainuka, anajikohoza, anavuta koti lake kama kawaida yake anapotaka kusema. Lakini Mwenyekiti alikuwa anatazama upande wetu. "Dada yake si yule pale? Binti, hebu tusaidie. Kwenye msaragambo nani alikuwa akija?"

"Ni mimi," nikasema.

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Na yeye?"

"Yeye alikuwa nyumbani."

"Nyumbani akifanya nini?"

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa amenikazia macho, na nikaelewa anachotaka. Nikafunga mdomo.

Kijana mmoja akajibu kwa niaba yangu: "Akisoma! Akinywa chai!"

Nikayaacha maneno yale yapite. Mjomba alisema kidogo, kwamba desturi ni nyumba moja jembe moja, na alisema vizuri, lakini watu walikuwa wameshacheka, na mtu akishachekwa mkutanoni ni vigumu kumpitisha. Mwenyekiti hakuwa mkatili. Alisema kijana ana sifa za shule, sifa za kazi bado hazijaonekana. Ajionyeshe mwaka huu, mwakani aletwe tena.

Alijionyesha. Kila Alhamisi alikuwa wa kwanza barabarani, akalima mpaka mikono ikatoka malengelenge, na yule mzee ndiye alikuwa anamsifu kuliko wote. Lakini mwaka uliofuata nafasi za misitu hazikuja. Zilizokuja zilikuwa za mambo mengine, na baadaye umri wake ukapita. Akapata kazi kwenye bustani ya miche. Alijaza mifuko udongo, akamwagilia, akahesabu miche iliyoota na iliyokufa, kazi ambayo mtu wa darasa la saba aliweza kuifanya. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Mimi niliolewa Mgwashi. Kwa kuwa kijana haendi popote, Mjomba hakuwa na sababu ya kuwazuia wageni. Siku nilipoondoka Mama alilia, na mdogo wangu alinibebea sanduku mpaka barabara ya gari, ile ile tuliyoichimba. Kwa miaka iliyofuata, mpaka alipooa, alikaa na Mama peke yake. Nilipokuja kuwasalimu nilileta sabuni na maharage, nikakaa siku mbili tatu, nikaondoka. Sikuuliza nani anamwosha. Niliona nguo safi kwenye kamba, nikajiambia kuna binti wa jirani anayesaidia.

Mama alipofariki niliingia chumbani na wanawake wengine kumwosha. Tulipomgeuza, mama mmoja mtu mzima akasema, "Tazameni mgongo huu." Miaka yote ile kitandani, na mgongo haukuwa na kidonda hata kimoja. Wakamgeukia mke wa mdogo wangu kumsifu. Yule mwanamke akainamisha kichwa.

"Si mimi," alisema. "Mume wangu alikuwa amezoea mwenyewe kabla sijaja. Alikuwa akinituma maji tu."

Hakuna aliyecheka. Yule mama mtu mzima, ambaye alikuwa mjane wa jirani yetu mwenye maneno, alikaa chini kwenye kigoda. "Tangu lini?" akauliza. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa wa nyumba ile.

Nikasema, "Tangu wakati wa barabara."

Akanigeukia. "Na wewe mkutanoni ukasema yuko nyumbani, basi?"

"Nilisema hivyo."

Tuliendelea kumwosha Mama.

Baada ya mazishi nilimtafuta mdogo wangu. Alikuwa nyuma ya jiko anachochea moto wa kahawa ya wageni. Nilikaa karibu yake kwenye gogo. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza habari ya siku ile, hata mara moja.

"Ningesema jambo lile mkutanoni," nikamwambia, "wangekupitisha."

"Huenda. Au wangecheka mpaka nihame."

"Kwa hiyo nilifanya vizuri kunyamaza?"

"Kunyamaza nilikushukuru, Dada. Nilikuwa pale golini nakuomba kwa macho unyamaze. Mama angekufa siku ile ile kwa aibu."

Alisukuma kuni ndani. Nikaanza kuona nafuu, na yeye nadhani aliiona, maana aligeuka akanitazama.

"Lakini Mjomba alikuwa ameshainuka," alisema. "Wewe ulimwona. Ungemwacha aseme. Angesema habari ya jembe la nyumba, yule mzee angekaa, Mwenyekiti angeendelea na mengine. Wewe ulijibu upesi sana. Mpaka leo naisikia. 'Ni mimi.' Kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa."

Nilitaka kumwambia kwamba nilisema kweli, kwamba sikufundishwa kusema uongo mbele ya watu. Maneno hayo nilikuwa nimejiambia kwa miaka mingi, na yalikuwa kweli vilevile. Sikuyasema.

"Ulikuwa unasubiri?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua tu.

"Sijui," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Haya," alisema, akaipua birika, akaenda kuwamiminia wageni kahawa.

Hakuniuliza tena. Tuliishi vizuri mpaka mwisho. Alikuja kwangu Mgwashi, nilikwenda kwake, watoto wake waliniita shangazi na kuniamkia kwa heshima. Kila tulipokaa wawili niliona nafasi ya kumjibu, na kila mara nikamwuliza habari za miche.

Nilikuwa najua. Tangu ile fomu ilipoingia nyumbani nilikuwa najihesabia miaka mitano katika chumba kile, na niliposimama uwanjani, mbele ya watu wote, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Jioni ile nilirudi nyumbani mwili wangu mwepesi, nikampikia mdogo wangu uji, nikamwambia pole. Alisema asante.

Alistahili kujibiwa akiwa hai. Ndiyo, nilikuwa nasubiri kuulizwa.